Kumuuzulu Kadhi Asiyetimiza Masharti ya Elimu, na Hukmu ya Maamuzi Aliyokwishayatoa

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake.

Tunaulizwa mara kwa mara, khasa baada ya darsa za ndoa na mirathi: kadhi akibainika kuwa hana elimu inayotakiwa, inafaa auzuliwe? Na mwanamke ambaye ndoa yake ilifaskhiwa na kadhi huyo, kisha akakaa eda na kuolewa, yuko katika hali gani? Swali la kwanza ndilo linalosikika barazani. La pili ndilo linalowakosesha watu usingizi, kwa hiyo tutalikalia zaidi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kadhi hutakiwa awe Muislamu, baleghe mwenye akili, huru, mwanamme, muadilifu, anayesikia, kuona na kusema, anayeiweza kazi yenyewe, na awe mujtahidi. Mujtahidi ni mwenye kuzijua Aya na Hadithi za hukmu, nasikh na mansukh, hali za wapokezi, lugha ya Kiarabu, walipoafikiana wanavyuoni na walipokhitalifiana, na kiasi. Mahanafi wao wamelifanya sharti hili la ijtihadi kuwa la ubora, si la kusihi kwa uteuzi. Cheti cha chuo kikuu peke yake si ijtihadi, na kilemba pia si ijtihadi. Hadithi ya Burayda kuhusu makadhi watatu inamtaja anayehukumu kwa ujinga miongoni mwa wawili wa Motoni, kwa hivyo jambo hili si la mzaha.

Ama kuuzuliwa, Imam Nawawi (aliyefariki 676 H) ameeleza katika Minhaj kuwa mtawala anaruhusika kumuuzulu kadhi ikidhihiri kasoro kwake. Hata asiye na kasoro anaweza kuuzuliwa akipatikana aliye bora kuliko yeye, au ikiwa kumwondoa kuna maslaha, kama kutuliza fitna. Naye Ibn Qudama katika al-Mughni anasimulia kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimwondoa Abu Maryam katika ukadhi wa Basra kwa udhaifu wake, akamweka Ka'b bin Sur. Kwa hiyo kumwondoa kadhi si kumvunjia heshima mtu wala dini. Lakini anayeondoa ni mwenye mamlaka ya kuteua, si wadai walioshindwa kesi, wala jamaa wa msikitini waliokusanya saini na kutangaza kuwa mahkama haipo.

Tuje kwenye hukumu alizokwishazitoa. Kwa asili, aliyekosa masharti uteuzi wake hausihi, na baadhi ya wanavyuoni wakasema hukumu zake zote zivunjwe, za sawa na za makosa. Lau tungeishia hapo, nyumba ngapi zingevunjika! Lakini Nawawi, baada ya kuyataja masharti, amesema kuwa ikiwa imeshindikana kuyapata yote, na mtawala mwenye nguvu akamteua fasiki au mwenye kufuata tu maneno ya wengine, hukumu zake zinapita kwa dharura, ili maslaha ya watu yasikwame. Zama zetu haziendeshiki bila ya kauli hii. Tukimsubiri mujtahidi, hakuna ndoa itakayofaskhiwa Unguja wala Pemba.

Basi yule mwanamke, ikiwa kadhi alikuwa ameteuliwa na mamlaka, akasikiliza pande zote, na mume akathibiti kwa ushahidi kuwa hana uwezo wa kutoa nafaka, faskhi yake imepita. Ndoa yake ya pili ni sahihi na watoto wake ni wa halali. Mume wa mwanzo hana ruhusa ya kumsumbua kwa kuwa tu kadhi ameondolewa baadae.

Kinachovunjwa ni hukumu iliyokwenda kinyume na Aya au Hadithi iliyo wazi, ijmai, au kiasi kilicho dhahiri, na hiyo huvunjwa hata ikitolewa na mwanachuoni mkubwa. Chukueni mfano wa marehemu aliyeacha mke, binti mmoja na ndugu wa baba na mama. Shamba la karafuu ligawiwe mafungu 24: mke 3, binti 12, ndugu 9. Kadhi akimpa mke robo, yaani mafungu 6, na hali binti yupo, ameikhalifu Aya ya 12 ya Suratun-Nisaa, na mafungu 3 yamechukuliwa kwa ndugu. Hapa hapana dharura ya kuipitisha. Ndugu huyo apeleke rufaa, wala asende shambani na panga.

Kuna mambo mawili watu huyasahau. Kwanza, kwa kauli yenye nguvu ya Mashafi, kadhi hauzuliki mpaka khabari imfikie, kwa hiyo alichohukumu kabla ya hapo kimepita. Pili, akishauzuliwa, kauli yake kwamba "nilimhukumia fulani" haikubaliwi bila ya mashahidi. Kwa hiyo chukueni nakala ya hukumu yenye muhuri siku ile ile na muiweke pazuri, khasa kina mama, ambao karatasi zao mara nyingi hubaki kwa shemeji au mjomba.

Hapa kwetu Mahkama ya Kadhi ina sheria yake ya 2017, na Kadhi Mkuu huteuliwa na Rais. Jirani zetu wa Kenya, katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, wameandika kuwa kadhi awe Muislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu inayomstahikisha kwa maoni ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Mwenye malalamiko juu ya elimu ya kadhi ayaandike, aonyeshe hukumu yenyewe na mahali ilipokosea, ayapeleke kwa wenye mamlaka. Kusema tu "huyu hajasoma" si dalili, na huenda ikawa ni kumsengenya.

Wallahu a'lam.