Kuandama Mzigo

Mafundi wa umeme husema mzigo, au lodi, wakikusudia jumla ya umeme unaotakiwa na watumiaji wote kwa wakati mmoja, tangu taa ya kibanda cha muuza mboga hata tanuri la kiwanda cha saruji. Na kwa kuwa umeme hauwekwi ghalani kwa wingi kama nafaka, sharti mitambo izalishe kadiri ile ile inayotumika. Kupanda na kushuka huko kwa mtambo kwa kadiri ya mahitaji wengine hukuita kufuata mzigo. Mimi naliona bora neno kuandama, maadamu afuataye huweza kuchelewa nyuma, ilhali aandamaye hamwachi mwenziwe hatua moja.

Asiyeifahamu istilahi hii hataweza kulipima shauri la kuchanganya vinu vidogo vya nyuklia na upepo na jua katika gridi ya taifa. Tuitazame Kenya, ambayo kilele cha mahitaji yake, nacho huwa jioni watu wanaporejea majumbani, kimekwisha kupita megawati 2,300, kisha usiku wa manane hushuka hata karibu na nusu. Upepo wa Loiyangalani, penye mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, aghalabu huvuma zaidi usiku, na kule Olkaria mvuke uliochimbwa kwa gharama kubwa umepata kuachiliwa hewani saa hizo kwa kukosa mtumiaji. Kinu cha megawati 1,000 katika gridi kama hiyo ni hatari dhahiri, kwa kuwa kikizimika ghafla hakuna cha kuliziba pengo lake. Ndiyo sababu hutajwa vinu vidogo, ambavyo kwa fasili ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki havizidi megawati 300 kila kimoja.

Walakini udogo peke yake haukifanyi kinu kiandame. Atomi ya urani ipasukapo huzaa, pamoja na mengine, iodini, nayo iodini hugeuka kuwa zenoni, gesi inayomeza nyutroni zile zile zinazouendeleza mpasuko. Kinu kikiwa katika nguvu kamili, zenoni huteketea kwa kadiri inavyozaliwa. Kikishushwa adhuhuri ili kulipisha jua, iodini iliyokwisha kuzaliwa huendelea kugeuka, nusu yake kwa muda usiotimia saa 7, na nyutroni za kuiteketeza zenoni zimekuwa haba, hata sumu hiyo ikalimbikizana na kukifanya kinu kuwa kizito kupanda, jua nalo linakuchwa. Wafaransa wamelimudu jambo hili kwa miaka mingi katika vinu vyao vikubwa; lakini gharama ya kinu ni ujenzi, mafuta yake ni sehemu ndogo, na akishushaye hapunguziwi deni.

Kwa hiyo naiona murua zaidi njia iliyokusudiwa Kemmerer, katika jimbo la Wyoming, Marekani: kinu cha megawati 345, kinachoupita kidogo mpaka tuliotaja, hutia joto lake katika chumvi iliyoyeyushwa, nayo chumvi huhifadhiwa hata mahitaji yazidi, umeme ukapandishwa hadi megawati 500 kwa zaidi ya saa 5. Kinu hakishuki, kinachoandama mzigo ni chumvi. Nchi inayomwaga mvuke wake usiku haina haja ya mtambo mwingine usiojua kushuka, na wanaojadiliana na wauzaji wa vinu wangeandika katika mkataba, kabla ya bei, ni megawati ngapi kinu kitapanda na kushuka kwa kila dakika, na joto la usiku litahifadhiwa wapi.