Kura za Taifa na Kura za Majimbo Katika Ufaransa, 1946–1958

Vitabu vingi vinavyoeleza siasa ya Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili humpa msomaji hesabu moja tu ya kila uchaguzi, yaani sehemu ya kura za taifa zima iliyopatwa na kila chama. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hapakuwa na mjumbe hata mmoja aliyechaguliwa na taifa zima. Kura zilihesabiwa jimbo kwa jimbo, na humo ndimo viti vilimopatikana au kupotea.

Chama cha Kikomunisti ni ushahidi wa kutosha. Novemba 1946 kilipata asilimia 28 ya kura, na viti vyake vililingana nazo kwa kadiri. Mwaka 1951 kilipata asilimia 26 hivi, upungufu mdogo. Walakini viti vyake vya Ufaransa yenyewe vilishuka kutoka zaidi ya 160 hadi kama 100. Sababu ni sheria ya Mei 1951, iliyoviruhusu vyama kutangaza kabla ya kura kwamba vimeungana katika jimbo fulani. Wafaransa waliuita muungano huo *apparentement*, neno lenye asili moja na lile la jamaa wa ukoo. Na ulikuwa ukoo wa ajabu, kwani Wasoshalisti na Wakatoliki wa MRP, waliogombana sana juu ya shule za kanisa, walijikuta ndugu. Muungano uliopita nusu ya kura za jimbo ulitwaa viti vyake vyote. Wakomunisti hawakuwa na wa kuungana nao.

Katika Seine na Seine-et-Oise, yaani Paris na viunga vyake, sheria hiyo haikutumika. Huko Wakomunisti na wafuasi wa de Gaulle walikuwa na nguvu, na vyama vya katikati visingaliweza kufikia nusu. Kwa hiyo viti viligawanywa kwa uwiano. Waliotunga sheria waliisoma ramani kwa makini kuliko wanahistoria wengi waliowafuata.

Mwaka 1958 kila eneo dogo lilichagua mjumbe mmoja, kwa duru mbili. Aliyetangulia katika duru ya kwanza aliweza kushindwa katika ya pili, wengine wakiisha kukusanyika dhidi yake. Jacques Duclos alianguka Montreuil; Maurice Thorez aliponea Ivry. Asiseme mtu kwamba sheria peke yake ndiyo iliyowaangusha, maana wapiga kura wengi waliwaacha kweli: asilimia 26 za mwaka 1956 zilikuwa 19. Lakini viti, vilivyokuwa kama 150, vilibaki 10.