Jina la Kijiji Lililopotea Karatasini

Katika nyumba nyingi za waumini wa hekalu letu imehifadhiwa karatasi ya zamani, pengine pasi ya kusafiria, pengine cheti cha uraia, ambamo mahali alipozaliwa babu pameandikwa neno moja tu: Kathiawar. Wajukuu wakifungua ramani ya leo hawaoni mji wala kijiji cha jina hilo. Wala hakijapata kuwapo. Kathiawar ilikuwa rasi nzima ya magharibi mwa India, iliyogawanyika enzi za Waingereza katika milki zaidi ya 200, nyingine zenye vijiji vichache tu. Karani wa bandarini hakuhitaji kujua zaidi. Kwake yeye, jahazi zima lilitoka mahali pamoja.

Baada ya uhuru wa 1947 majina yalizidi kuhama. Mwaka 1948 milki hizo ziliunganishwa, likapatikana jimbo la Saurashtra. Mwaka 1956 jimbo hilo likatiwa ndani ya Bombay. Na tarehe 1 Mei 1960 likazaliwa Gujarat. Mkulima ambaye hakuwahi kuvuka mto wa kijijini kwake alibadilishiwa anwani mara tatu. Nawanagar ya mwaka 1540 sasa ni Jamnagar. Kachchh, iliyokuwa milki peke yake, Waingereza waliiandika Cutch. Basi mtafutaji aanze na herufi C kabla ya K.

Wenzetu Waswahili hawatastaajabu. Lushoto ilipata kuitwa Wilhelmstal, na Kisumu Port Florence. Tukuyu ilikuwa Langenburg Mpya, ilhali Langenburg ya Kale ilikuwa mahali pengine kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Jamaa walioko India, wakiwa na barua ya mwenye duka iliyoandikwa Langenburg wakati wa Wajerumani, wamo katika giza lile lile tulilomo sisi.

Kachchh nako kuna mtego wa namna hiyo. Karibu na bandari ya Mandvi kuna Asambia Mota na Asambia Nana, yaani Kubwa na Ndogo. Vijiji vingine hutofautishwa kwa Juna na Nava, cha kale na kipya. Karani akiliacha neno hilo moja dogo, mjukuu hupelekwa kwa majirani.

Je, kijiji kina haja gani kwa mtu aliyezaliwa Mwanza au Mombasa? Haja ipo. Huko Haridwar, kando ya mto Ganga, makuhani wa koo hutunza vitabu vya nasaba, na wafiwa wanaopeleka majivu ya marehemu huandikisha humo vifo, ndoa na watoto. Vitabu hivyo hupangwa kwa asili ya ukoo na kwa jamii yake. Anayefika na neno Kathiawar peke yake hana mlango wa kuingilia. Tena maharusi wa koo nyingi hutakiwa kwenda kusujudu mbele ya kuldevi, mungu mlezi wa ukoo, na madhabahu yake mara nyingi yako kijijini kwa wahenga.

Kwa maoni yangu, bibi ni shahidi bora kuliko pasi. Aulizwe walipandia jahazi bandari gani, mto uliitwaje, soko lilikuwa wapi. Jibu liandikwe kwa herufi za Kigujarati, kwani zile za Kiingereza huchanganya sauti za T na D ambazo Kigujarati hutenga. Na bibi husema "kwetu" kwa vijiji viwili, alikozaliwa na alikoolewa. Ukoo wa mume uko katika hicho cha pili.

Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliangusha nyumba nyingi za Kachchh pamoja na masanduku yaliyokuwa ndani yake. Kwa baadhi ya koo, bahasha iliyosahauliwa kabatini huku Afrika Mashariki huenda ndiyo karatasi pekee iliyobaki.