Ndiva ya Dukani

Mji wa Same uko upande mkavu wa milima. Mvua ya Bahari ya Hindi humwagika zaidi upande wa mashariki. Kinachobaki mjini kwa wingi ni upepo na jua. Siku hizi jua hilo limepata kazi juu ya mapaa ya maduka, mabucha na nyumba za wageni. Lakini hesabu ya kuweka akiba ya kinachopita bure haikuletwa Upare na paneli za sola. Ililetwa na ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Kijito cha mlimani hutiririka mchana na usiku, ila mkulima humwagilia mchana. Wapare wa kale waliona maji ya usiku yanavyopotea bondeni, wakachimba. Jioni mlango wa ndiva huzibwa. Asubuhi hufunguliwa, na maji hutoka kwa nguvu ya kufika shamba la mwisho. Yale yale, yakiachwa yachuruzike kidogo kidogo, yangenywewa na mfereji njiani. Ndiva haikuongeza hata tone moja. Iliongeza saa ambayo tone lina faida. Na haikuwa ya mtu mmoja: tope lilizolewa kwa msaragambo, na asiyefika alijua zamu yake ya maji iko mashakani.

Miaka ya 1960 serikali nayo ikajenga ndiva yake, kubwa, kaskazini-magharibi mwa Same: bwawa la Nyumba ya Mungu. Liliweka akiba ya maji ya masika ili mitambo ya Hale, yenye megawati 21, isikaukiwe kiangazi, nalo likafungiwa mitambo yake ya megawati 8. Mwaka 1995 ikaongezeka mitambo mipya ya Pangani, megawati 68. Sasa maji yale yale yalitakiwa na mahindi huku juu na umeme kule chini. Wenye mifereji wakatakiwa kuwa na vibali na kulipia, na watu ambao babu zao walijua thamani ya maji ya usiku wakahesabiwa kuwa wapotevu. Ukame wa 2006 na wa 2011 ulipoyashusha mabwawa ya nchi, mgao wa umeme ukamfikia hata mwenye bucha.

Tupige hesabu yake. Friza inayokula wastani wa wati 100 kwa saa 12 za giza hutumia uniti 1.2. Betri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa 200, hubeba uniti 2.4, na ukitaka idumu usiivute zaidi ya nusu. Kwenye karatasi inatosha, bila kubakiza. Lakini kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, usiku mmoja huokoa shilingi 420. Mwaka mzima, kama laki moja na nusu. Betri ni laki kadhaa, na ikitumikishwa kila usiku huchoka baada ya miaka michache. Kwa uniti peke yake, mwenye bucha anapata hasara. Faida yake iko kwenye siku ambayo umeme unakatika na nyama haiozi. Betri, kama ndiva, hulipwa na saa.

Tangu 2010 bei ya paneli na ya betri za lithiamu duniani imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo hesabu hii inazidi kulainika. Lakini anayeweza kutoa laki hizo kwa mkupuo ndiye anayeweka akiba ya jua. Mama anayeuza maziwa mlango wa pili hubaki akiusubiri umeme urudi. Ukuta mmoja, paa moja, friza mbili: moja inanguruma, nyingine inayeyuka.

Wazee wetu hawakuwa na ndiva ya kila shamba. Wangekuwa nayo kila mtu, nyingi zingekauka. Labda kinachokosekana Same leo si paneli wala betri, bali msaragambo wa wapangaji wa jengo moja.