Noa, chonga, saga: makali ya zana za mawe

noa kt [ele] tia makali kwa kusugua ukingo wa chombo kwenye jiwe au kwa tupa. Minyambuliko: *nolea, noleka, nolesha, nolewa*. Nomino: *kinoo* (vi-), jiwe la kunolea.

Matumizi. Pasipo msuguano hapana kunoa. Mkulima wa Lushoto hunoa panga na mundu. Mwanawe hanoi penseli, bali huichonga. Tofauti hii husahauliwa mara kwa mara katika kufasiri habari za Zama za Mawe, zana zote zikaandikwa kuwa "zilinolewa".

Chonga. Zana za Oldupai zenye umri wa takriban miaka milioni 1.8 hazikunolewa. Mtengenezaji aligonga jiwe kwa jiwe, akabandua vibanzi, na makali yakatokea pale jiwe lilipomeguka. Yalipokuwa butu, alibandua kibanzi kingine. Kila makali mapya yaliipunguza zana.

Saga. Shoka la jiwe la kukatia miti lilihitaji ukingo usiovunjika upesi. Baada ya kuchongwa lilisagwa juu ya mwamba mkwaruzo, kwa maji na mchanga, hata likawa laini. Mashoka ya hematiti ya Uele, kaskazini mwa Kongo, ni ya namna hiyo. Lilipopoteza makali lilisuguliwa tena, na hapo *noa* ni neno sahihi.

Usambara. Wakulima wa kale wa milima hii wanatambulikana kwa vyungu vya mtindo wa Kwale, vilivyoelezwa na mwanaakiolojia Robert Soper katika miaka ya 1960. Vyungu hivyo ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na waliovifinyanga walikuwa watu wa Zama za Chuma. Linganisha:

(a) *Wakulima hao walinoa majembe yao ya mawe.*
(b) *Wakulima hao walinoa zana zao za chuma kwa mawe.*

Sentensi (a) haina kosa la sarufi, lakini inapotosha historia: inawanyima watu hao ufundi wao wa chuma. Katika (b) jiwe si zana ya kukatia tena, limekuwa kinoo.

Kwa mfasiri. Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza kama makali yalipatikana kwa kugonga au kwa kusugua. Matini yasipobainisha, andika *tia makali*, maana hubeba yote mawili.