Mkataba wa Pwani: Nani Alikuwa na Haki ya Kuubadilisha?



Kila ninapowasomesha vijana hapa Uingereza habari ya mikataba huwaambia wasianze na bei wala muda. Tazameni kwanza kifungu cha mabadiliko: nani anaweza kupendekeza, ni lazima iwe kwa maandishi, na mwenzake akikataa, je, mkataba wa awali unabaki vile vile? Mwaka juzi mwenye nyumba ninayopanga aliniletea barua, ati kodi imepanda. Nikamrudishia nakala ya mkataba wetu, kile kifungu nimekipigia mstari. Akanyamaza.

Mimi nilikuwa na kifungu. Sultani Khalifa bin Said alikuwa na nini?

Tarehe 28 Aprili 1888 Khalifa aliikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani ya Mrima, toka Mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni itasimamia utawala na ushuru, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Hayo ndiyo masharti. Basi Agosti mwaka ule ule, huko Pangani, mtu wa kampuni, Emil von Zelewski, akapandisha na bendera ya kampuni. Kisheria hilo ni badiliko, tena kubwa, ambalo upande mmoja umelifanya bila ya kumuuliza mwenziwe. Watu wa Pangani hawakusoma sheria popote lakini walilielewa siku ile ile. Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani tunavijua. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889.

Lililofuata ni zito zaidi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana sahihi mkataba wao wa Helgoland na Zanzibar, na ndani yake Uingereza ikaahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani ile pwani moja kwa moja, pamoja na Mafia, kwa fidia. Hebu fikirini! Ukodishaji unageuzwa kuwa mauzo, na mapatano yanafanywa na watu wawili wakati mwenye mali hayupo mezani. Sayyid Ali bin Said akakubali (angefanya nini?) na akapewa marki milioni 4, kama pauni 200,000.

Fedha hizo nazo zina kisa. Mwaka 1895 Uingereza iliamua kuiondoa kampuni yake yenyewe, ile iliyokodi pwani ya Kenya. Kampuni ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha za Sultani. Tarehe 14 Disemba 1895 Uingereza ikakubali kumlipa Hamid bin Thuwaini pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya pwani, na 6,000 riba ya zile 200,000. Yaani mwenye nyumba amemlipa mpangaji wa zamani ili atoke, kisha mpangaji mpya akaingia. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea hesabu.

Mwaka 1963 ndipo mambo yalipofanywa kwa utaratibu. Tarehe 5 Oktoba Kenyatta na Mohammed Shamte waliandikiana barua, na tarehe 8 Uingereza, Sultani na serikali za Kenya na Zanzibar wakatia sahihi London. Wako wanaosema mapatano yale ni batili. Mimi sikubaliani nao. Kwa umbo lake ni safi kuliko yote yaliyoyatangulia. Kasoro yake naiona pengine. Ahadi zile zilikuwa kwa ajili ya watu wa pwani, lakini aliyeahidiwa ni Shamte, na tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Shamte ikaondoka. Sasa nani amdai nani?

Mahakama za kadhi zilinusurika kwa sababu ziliingizwa katika katiba, na zimo hata katika ile ya 2010, ibara ya 170. Lakini maafisa Waislamu katika sehemu za Waislamu, na Kiarabu kwa watoto wao, viliandikwa kwa sharti la "kadiri itakavyowezekana". Kifungu kama hicho hata yule mwenye nyumba wangu angekitia sahihi bila kusoma.