Wanyonya damu (simulizi za Kagera)

Wanyonya damu katika simulizi za mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ni watu wanaosemekana kuwalevya wenzao na kuwatoa damu ili waiuze. Habari zao zilisikika katika sehemu za Bukoba na Muleba hasa kwenye miaka ya 1980. Ni tawi la uvumi mpana wa Afrika Mashariki unaojulikana pwani kwa jina la mumiani, Kenya wazimamoto na Uganda bazimamoto.

Kijana aliyemjua mnyonya damu kupitia riwaya za Marekani, kama mfululizo wa Stephenie Meyer ulioanza kutolewa mwaka 2005 na filamu zake, atamwona wa Kagera kuwa mgeni kabisa. Yule wa riwaya ni mfu anayeishi, hazeeki, na hadithi yake hurefushwa kitabu baada ya kitabu kwa mapenzi yake na msichana wa kawaida. Wa Kagera ni binadamu kama wengine. Ana gari, ana biashara, ana safari za mbali, na damu haiinywi. Kwake ni bidhaa.

Jina na asili

Mumiani ni neno lenye asili ya Kiajemi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa ni dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi na kutumika kwa maumivu na mifupa iliyovunjika. Inaongeza kwamba watu wengi waliamini ni damu ya waliouawa, na kwamba uvumi ukienea mjini watu hawakuthubutu kutoka nje baada ya jua kuchwa. Hivyo jina la dawa likahamia kwa wanaodhaniwa kuitafuta.

Katika bara jina lililoshika ni la wazimamoto, yaani kikosi cha kuzima moto chenye magari na sare. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hii Kenya, Uganda na kwingineko na kutoa kitabu mwaka 2000. Hoja yake ni kwamba uvumi huu unamwambia mwanahistoria mambo ambayo barua za serikali ya kikoloni hazisemi: jinsi watu walivyoyaona magari, kazi ya mshahara, hospitali na polisi.

Kagera

Mwanaanthropolojia Mmarekani Brad Weiss aliishi kati ya Wahaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika makala aliyotoa mwaka 1998 aliwaita wanyonya damu hawa kuwa ni wa umeme, kwa kuwa katika masimulizi aliyoyasikia damu hutolewa kwa vifaa vya umeme. Vijiji vingi havikuwa na umeme wakati huo. Ulikuwa jambo la mjini, pamoja na fedha za haraka ambazo mkulima wa kahawa na migomba hakuelewa zimetoka wapi. Swali lililomo ndani ya simulizi ni hilo hasa: fulani aliondoka hana kitu, amerudi na gari, je, amelipata kwa kumkosesha nani?

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mkoa ulikuwa umetoka katika vita dhidi ya Idi Amin vya 1978–1979, na magendo ya mpakani yalishamiri. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Wenyeji waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizoingia kwa magendo kutoka Uganda. Biashara, mwili na damu vilikuwa vimeshikamana katika mazungumzo ya kila siku kabla mtafiti yeyote hajafika kuuliza.

Lugha ya siasa nayo ilichangia. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 wananchi walifundishwa kumwita tajiri asiyefanya kazi mnyonyaji, na katika vikaragosi na hotuba aliitwa kupe. Mwanahistoria James Brennan ameonyesha ukaribu wa lugha hiyo na uvumi wa mumiani. Mwanasiasa alisema kwa mfano. Msikilizaji alikuwa tayari na kisa chake.

Madhara

Uvumi huu umeua. Mwaka 1959 ulizusha ghasia Buguruni, Dar es Salaam, ambamo polisi mmoja aliuawa. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, wanakijiji waliwaua watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, na kulichoma gari lao. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Gari geni, vifaa visivyofahamika na watu wasiojulikana vilitosha. Mwaka uliofuata uvumi wa namna hiyo ulisababisha vifo kusini mwa Malawi, na Umoja wa Mataifa uliwaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya.

Simulizi hizi zisichanganywe na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoikumba kanda ya Ziwa, hasa kuanzia miaka ya 2000. Huko viungo vya watu viliuzwa kweli, na wahusika kadhaa walihukumiwa mahakamani. Kwa mtu wa kijijini, hata hivyo, mpaka kati ya kisa na tukio si rahisi kuuona, na anayefika kijijini kupima udongo au kutoa chanjo hukutana na hofu zote mbili mlangoni.